Kilio cha Bushi ya Nyuma

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa msibani ndani ya gari la marehemu baba. Sikushangaa. Ukiitwa msibani unakwenda, huulizi nyumba ina ukubwa gani. Nikafunua boneti, nikavua viatu, nikaingia.

Nieleze kwanza yaliyotangulia. Leo asubuhi ilinipasa kumteremsha mama kutoka kwetu Usangi hadi Moshi, akatolewe mtoto wa jicho. Safari mbili zilizopita alikataa akiwa mlangoni, analia, na daktari amesema jicho likingoja zaidi halitafaa kitu. Mimi nikamnunulia kanga mpya nikidhani ndiyo dawa. Gari nalo, kuukuu kuliko mimi, kila likiwaka lilikuwa linalia kilio chembamba cha kukera. Jana jioni nikaumwagia mkanda wa feni oili hadi ukanyamaza, nikanawa mikono, nikalala nikijiona fundi.

Basi, ndani ya boneti mikeka imetandikwa. Pampu ya maji amejifunga kitenge kiunoni, anagawa chai. Feni anapepea watu. Mkanda wa feni kalazwa katikati, anang'aa kwa oili, na kila akijaribu kuketi anateleza.

Nikatoa pole. Nikauliza aliyefariki ni nani.

"Bado," Pampu akasema. "Tunakungoja wewe utuambie unaanza na nani."

Nikasema sina nafasi, asubuhi nina mgonjwa. Mkanda akasema hata yeye ni mgonjwa, ila alikuwa mzima hadi jana jioni. Akanieleza taratibu, bila hasira, na hilo likaniuma zaidi ya matusi. Kazi yake ni kushika. Injini ikizunguka, yeye ndiye anayemvuta Dainamo, na Pampu, na Feni. Sasa amepakwa oili, hashiki kitu. Tungeziingia kona za mlimani hivyo hivyo, Dainamo asingetoa umeme, maji yasingezunguka, na injini ingechemka kabla hatujaiona lami.

"Lakini ulikuwa unalia," nikamwambia.

"Mimi silii. Mimi nilikuwa karibu na anayelia."

Pampu akaweka birika chini. "Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia," akasema. "Sisi hapa wote ni wa mbali."

Mara tuko kanisani kwetu, benchi la nyuma kabisa. Ameketi kibibi cha shaba, mfupi, mnene kama pete, kavaa kofia ya bati. Anajitambulisha: yeye ni bushi ya nyuma ya Dainamo. Mhimili wote unaozunguka humo ndani umemlalia yeye mgongoni. Anavua kofia. Chini yake pana tundu la kutilia oili, na tundu limezibwa na udongo wa nyigu.

Nikalizibua kwa kidole cha mwisho. Nikachukua kopo la mdomo mrefu. Tone la kwanza likakataa kutoka, likasema haliingii nyumba ya mtu bila hodi. Nikapiga hodi. Bushi akasema karibu. Tone likaingia limevaa suti, likapewa kiti. La pili likauliza kama kuna nafasi, likasogezewa. La tatu likaambiwa na mzee wa kanisa kwamba wanatosha, maana oili ikizidi humwagikia kaboni wanaopokea umeme, nao wakishalowa hawafanyi kazi. Tone likarudi koponi bila kinyongo.

"Miaka yote hii mbona hukusema?" nikamuuliza bibi.

"Nimesema. Ukaenda kumnyamazisha jirani." Akavaa kofia yake. "Mtu akilia, mwanangu, muulize mwenyewe."

Nikaona aibu, nikalia pale benchini, na Feni akaja kunipepea.

Niliamka kumeshakucha. Sikwenda kwenye gari, nilikwenda kwa mama. Ameketi kitandani, kanga mpya imekunjwa vilevile ilivyotoka dukani. Safari hii sikumbembeleza.

"Mama, unalilia nini?"

Akasema kisu hakiogopi, alishapasuliwa wakati wa kunizaa mimi. Tatizo lake ni njia. Tangu macho yaingie ukungu, baba alikuwa akiendesha huku anamtajia kila wanapopita: hapa mto, hapa shule, hapa kwa fulani wanaanika maharage. Mimi naendesha kimya.

"Nakaa gizani, Mbonea," akasema. "Sijui kama nateremka mlima au nateremshwa kaburini."

Niliumia sana. Nikamshika mkono, tukatoka.

Nikafunua boneti nifute mkanda, nikaukuta mkavu. Nyuma ya dainamo, mahali ambapo sijawahi kutazama maishani mwangu, pana kifuniko kidogo cha bati, kimeinuliwa, na pembeni yake chembechembe za udongo uliokwanguliwa. Nikatazama mkono wangu. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi hadi kwenye pingili ya kwanza.

Gari likawaka bila kulia.

"Tuko wapi?" mama akauliza, kabla sijaachia breki.

"Bado tuko nyumbani, mama," nikamwambia. "Kuku wa jirani wamesimama mbele yetu. Sasa wanapisha."