Mtambo wa Udongo

Kuang alifika nyumbani mama yake akiwa amekwisha kuoshwa. Alianza kulia tangu kwenye miforosadi ya mwanzo wa kijiji, na kwa kila mlango aliopita aliongeza sauti, hata alipoingia uani koo lilikuwa limemkauka. Wanawake wa jirani walifuta machozi. Ruji, dada yake mkubwa, alisimama jikoni na mwiko mkononi. Yeye alikuwa amelia wakati wa baridi, mama aliposhindwa hata kujigeuza kitandani. Wakati ule Kuang alikuwa mjini, akisoma kwa mwalimu wake namna mtoto anavyopaswa kuwatunza wazazi.

Ruji alikuwa mjane asiye na mtoto. Aliporudi kwao, mama alimkalisha kwenye mtambo wake wa kufumia, kwa kuwa miguu yake mwenyewe ilikuwa imekufa ganzi. Ruji alifuma hariri, na mama alimkosoa kutoka kitandani: "Unapiga uzi kama unaua nyoka, we mtoto! Polepole." Hariri hiyo ililisha nyumba. Hariri hiyo pia ilimsomesha Kuang, ingawa hilo halikuwahi kusemwa.

Mfinyanzi Hu alileta vyombo vya kaburini, vya kuzikwa na marehemu, kama ilivyo desturi: ghala dogo, kisima, jiko, nguruwe na wanawe, vyote vya udongo. Alikuwa amefinyanga na mtambo wa kufumia, wa kutosha kiganjani, hata mkanda ambao mfumaji hujifunga kiunoni ameuchora. Ruji aliuona akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Hiki nini?" Kuang aliuliza.

"Mtambo wa mama."

"Huu ni mchezo wa watoto! Mama yangu nitamzika na mtambo wake mwenyewe, ule ule alioufumia."

Ruji alidhani hakusikia vizuri. "Mdogo wangu, mimi nitakula nini?"

"Dada! Siku kama ya leo unazungumzia tumbo?"

Wanaume waliokaa uani walitikisa vichwa, na Ruji aliona kuwa walimtikisia yeye. Akarudi jikoni. Alijiambia kwamba huenda ni uchungu, kwani mtu aliyekosa kuuguza hutafuta cha kulipa. Hakutaka kumhukumu mtoto aliyembeba mgongoni.

Mchana alimpelekea uji baba yake mdogo, Zhongli, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Mzee alikuwa mchangamfu kuliko msiba ulivyoruhusu.

"Usimkasirikie mdogo wako," alisema akipuliza uji. "Bwana Diwu wa wilayani anakuja mazishini. Anatafuta mwana mtiifu wa kumpendekeza apewe kazi serikalini. Safari iliyopita alimchukua yule wa ng'ambo ya mto, aliyemzika baba yake na gari lake na farasi. Sisi farasi hatuna." Akacheka. "Ila mtambo tunao!"

Ruji aliinuka akatoka. Kumbe haukuwa uchungu. Miaka yote ile ya kumlisha mama kwa kijiko, ya kufua matandiko kwenye maji ya barafu, ilikuwa imengojewa iishe ili mtu apate cheo.

Alimkuta Kuang akichagua gunia la katani la kuvaa mazishini, lile lililochanika zaidi.

"Kuang, hata watoto wa kijiji hiki wanajua. Wafu hupewa vyombo visivyotumika. Wafalme wa zamani walizika vya watu walio hai, kisha wakazika na watu wenyewe. Baba mdogo ndiye aliyetusimulia, tukaogopa kwenda kukojoa!"

"Unanifundisha adabu za maziko?"

"Nakuuliza. Nani alimgeuza mama kitandani?"

"Binti humtii baba," alijibu Kuang taratibu, kama anayesoma, "mke humtii mume, mjane humtii mwanawe. Wewe huna hata mmoja kati ya hao, Dada. Una mimi."

Siku ya mazishi Bwana Diwu alikuja na mwavuli wake na watumishi wake. Kuang aliegemea fimbo kama mtu asiyeweza kusimama. Wabebaji waliingia ndani kuchukua mtambo, wakatoka mikono mitupu, wakitazamana.

"Haunyanyuki," mmoja alisema.

"Hamkula?" Zhongli alifoka.

"Tumekula, mzee. Dada mtu yumo."

Wote walikwenda mlangoni. Ruji alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtambo na nguo yake ya katani, mkanda ameufunga kiunoni, miguu kwenye vikanyagio, nyuzi zimekazwa mbele yake.

"Toka hapo," Kuang alinong'ona. "Watu wanatazama."

"Na watazame. Mtambo haufumi wenyewe. Mkizika mtambo wa aliye hai, mzikeni na mfumaji. Haya, nyanyueni!"

Wabebaji walirudi nyuma. Bwana Diwu alisogea mbele, akamwangalia, macho yakamlowa.

"Sijaona nyumba kama hii," alisema. "Mwana anatoa cha thamani, na dada anataka kumfuata mama kaburini! Mwenye nyumba anayewafunza watu wake hivi ataifunza na wilaya. Acheni mtambo. Sheria haituruhusu kuzika walio hai."

"Bwana, mimi siombi kufa!" Ruji alipaza sauti. "Naomba mtambo wangu! Huyu hata—"

Lakini Kuang alikuwa ameanguka chini akilia, na waombolezaji wote walimwitikia. Maneno ya Ruji yalizama humo. Mama alizikwa na mtambo wa udongo.

Kuang alikaa kwenye kibanda kando ya kaburi hadi maombolezo yakaisha, akila uji aliopelekewa na Ruji. Kisha aliitwa wilayani. Juu ya lango lao ukatundikwa ubao wa kumsifu mwana mtiifu, na Ruji alipita chini yake kila alipokwenda kuchuma majani ya miforosadi ya kulisha viwavi wa hariri.

Viwavi walipokwisha kujifunga ndani ya nyuzi zao za hariri, alikuja mtumishi. "Bwana Kuang anakusalimu. Anataka hariri ya kanzu ya kazini, ya mkono wako, maana hakuna ifananayo nayo."

"Ngoja," alisema Ruji, akaenda kwa mfinyanzi.

"Nani amekufa?" aliuliza Hu.

"Hakuna aliyekufa. Ni kwa ajili ya mdogo wangu."

Hu alimtazama, akafuta mikono, akaukanda udongo. Mtumishi alilala kijijini akingojea mpaka tanuri lipoe.

Ruji alimkabidhi kifurushi cha nyasi. "Mwambie hariri yake aifume kwa huu."

Mtumishi alifunua nyasi, akaona mtambo mdogo wa udongo, akarudisha mkono kama aliyeungua. "Mama, hiki ni cha kaburini! Nitampelekeaje mtu aliye hai?"

"Mpelekee tu. Yeye mwenyewe alisema ni mchezo wa watoto."

Akaingia ndani, akajifunga mkanda.