Saa ya Kutoka

Jumatano ya kwanza ya Machi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Lydia alikuwa amepiga magoti akimwosha Padri Ambrose miguu. Alianza na wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na kovu refu kutoka kidole gumba hadi karibu na kifundo, na ngozi ya hapo ilitaka maji ya vuguvugu na mkono mwepesi. Padri alikuwa na miaka tisini na mitatu. Nyuma ya ukuta wa monasteri treni ya Metropolitan ilipita ikielekea mjini, maji yakatikisika kidogo ndani ya beseni.

"Polepole, binti," alisema Padri. Alikuwa ameishi Kenya miaka kumi na minne, na bado alipenda kuongea Kiswahili. "Hilo ni kovu la Afrika."

"Uliumwa na nyoka, Padri?"

"Chungu."

Lydia akaupangusa mguu, akamvisha makubadhi yake ya ngozi, kisha akaenda kupika pombe.

Watawa Waingereza wa nyumba ile ya Harrow wamepika pombe kwa zaidi ya miaka mia moja. Lebo ya chupa ina picha ya Padri Ambrose akitabasamu, na chini yake maneno kwamba pombe hii hupikwa kwa sala na kwa mikono ya watawa. Sala ni yao kweli. Mikono ni ya Lydia. Aliletwa na agency ya watunza wazee kumtunza Padri, akitoka kwake Tottenham kila alfajiri. Bruda wa mwisho aliyeweza kuinua gunia alipovunjika nyonga, Abate, mkuu wa monasteri, alimwomba Lydia akoroge mara moja tu, na mara moja hiyo sasa ina miaka mitatu. Lebo haijabadilishwa.

Asubuhi hiyo alimimina maji ya moto juu ya kimea cha shayiri, mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke akatoka nyanya yake, Perpetua Nasimiyu, aliyefariki mwaka 1989 huko Bungoma. Alikuwa amevaa sweta ya kijani aliyozikwa nayo. Hakuwa na viatu.

"Mulembe, Kukhu," Lydia alimsalimu nyanya yake kwa lugha ya kwao.

"Mulembe. Hii shayiri hamkuikaanga?"

"Hawa hawakaangi."

"Ndiyo maana inanuka kama nguo haijakauka." Kukhu akamnyang'anya mwiko.

Abate, mtu mpole anayependa utaratibu, alileta kitabu cha wageni. Kila anayeingia mahali pa kupikia lazima aandikwe jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka, ili moto ukizuka ijulikane nani yumo. Kukhu hakujua kusoma, kwa hiyo Lydia alimwandikia: Perpetua Nasimiyu, saa mbili na nusu. Mvuke ulipopoa Kukhu hakuonekana tena, na hakuna aliyejua ameondoka saa ngapi. Nafasi ya saa ya kutoka ikabaki tupu. Jumatano iliyofuata alirudi, na iliyofuata, na kila mara ikawa hivyo hivyo.

Mwezi wa Aprili alikuja mkaguzi wa afya aitwaye Pramila, mzaliwa wa Harrow ambaye mama yake alitoka Kisumu. Alipima joto la mapipa, akachungulia chini ya sinki, kisha akamtazama Kukhu kwa muda.

"Huyu mama lazima avae hairnet," alisema. "Na safety boots, please. Hapa si jikoni kwake."

Kukhu alivaa hairnet, wavu wa kufunika nywele. Viatu alikataa, na Pramila akaliandika hilo kwenye ripoti.

Kila Jumatano saa nne, kabla pombe haijawekwa hamira, watawa hushuka kuibariki. Ni desturi yao ya zamani. Abate huvaa stola shingoni, hufungua kitabu chekundu cha ibada, na kumwomba Mungu akibariki kinywaji hiki kilichotoka kwenye nafaka, kiwape wanywaji afya ya mwili na ulinzi wa roho. Kisha hunyunyiza maji ya baraka. Mtawa mwenye umri mkubwa kuliko wote hupewa bilauri ya pombe iliyokwisha iva, aonje kwa niaba ya wenzake. Mtawa huyo ni Padri Ambrose, na hushushwa kwa kiti chake cha magurudumu.

Kukhu alisikiliza baraka hiyo wiki nne kabla hajauliza.

"Anasoma nini?"

Lydia alimtafsiria. Kukhu aliendelea kukoroga. Alikoroga mpaka mapovu yakaisha.

"Kitabu hicho nakijua," alisema. "Alikuwa nacho kwapani." Akamwonyesha Padri Ambrose kwa kidevu. "Na mguu ule naujua. Mimi ndiye niliyeufunga."

Yaliyotokea mwaka 1966 hayahitaji kupambwa. Perpetua Nasimiyu alikuwa mjane mwenye watoto sita, na pombe yake ya busaa ya kila Ijumaa ndiyo iliyowasomesha. Aliloweka unga wa mahindi, akaukaanga juu ya bati, akauchanganya na kimea cha wimbi, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika. Padri Ambrose, paroko wao wakati huo, alitangaza kanisani kwamba mwanamke apikaye pombe hatapokea Komunyo. Jumamosi moja akaingia uani kwa Perpetua, kitabu cha ibada kwapani, akakipiga chungu teke. Kigae kikamchana mguu. Perpetua akachana leso yake, akamfunga, akampa maji ya kunywa. Jumapili Padri akalifuta jina lake kwenye daftari la parokia kwa wino mwekundu.

Kwa miaka ishirini na mitatu alikwenda Misa na kukaa benchi la nyuma, akiangalia migongo ya wenzake wakienda kupokea. Padri alirudi kwao, mapadri wengine wakaja wakaukuta mstari mwekundu, wakauheshimu. Siku ya mazishi katekista alifungua daftari, akaliona jina lilivyofutwa, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Watu waliimba wenyewe kaburini. Lydia alikuwa na miaka saba, na aliishika sweta ile ya kijani mpaka mjomba akamwondoa mkono.

Na miaka yote hiyo, hapa Harrow, wenzake Padri walikuwa wakipika, wakibariki, wakitia kwenye chupa. Kitabu ni kilekile. Ukifungua huku unakuta baraka ya pombe, ukifungua kule unakuta sala za kumzika Mkristo, na Perpetua Nasimiyu hakupata yoyote kati ya hizo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtu asiyekasirika hapo anaumwa.

Lydia alikwenda kwa Abate siku hiyohiyo. Hakuomba makubwa. Alitaka Kukhu apewe Komunyo, au kama haiwezekani, asomewe sala za mazishi, jina lake litajwe.

"Ombi la haki kabisa," Abate alisema, akaandika barua kwenye ofisi ya juu ya Kanisa.

Jibu lilikuja Juni, kwenye karatasi nzuri. Ofisi ilimshukuru Lydia kwa moyo wake wa ibada. Ilieleza kwamba Komunyo ni ya walio hai, na huyu mama amefariki. Ilieleza pia kwamba sala za mazishi ni za waliofariki, na huyu mama, kwa mujibu wa kitabu cha wageni, huingia kazini kila Jumatano. Lydia aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Kisha akamsomea Kukhu kwa Kiswahili.

"Watu wamesoma kweli," alisema Kukhu, akaendelea kukaanga shayiri.

Kufikia wakati huo walikuwa wameanza kuikaanga. Pombe ilikuwa imegeuka rangi na kunukia, na chupa zilikuwa zikiisha madukani hadi Walthamstow, upande wa pili wa jiji. Abate aliagiza lebo mpya. Picha ilikuwa ya Padri Ambrose, lakini kubwa zaidi.

Jumatano iliyofuata, baada ya baraka, Lydia alikizuia kiti cha magurudumu kwa mguu wake.

"Padri, unamjua huyu?"

Padri alimtazama Kukhu. Macho yake yalikuwa safi. "Namjua. Perpetua. Alinifunga jeraha."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ulikosa. Chungu kilikuwa chake. Jina lilikuwa lake. Wewe umekunywa pombe ya nyumba hii tangu ujana wako!"

Padri alitabasamu tabasamu lile la kwenye chupa. "Yaliyopita si ndwele, binti. Tugange yajayo."

"Ndwele ni yake yeye, Padri! Usimgange kwa methali!"

Bruda mmoja alikohoa. Lydia akakitwaa kitabu chekundu mikononi mwa Abate, akatafuta ukurasa, akasoma sala za mazishi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa Kiingereza. Palipoachwa nafasi ya jina alilitamka jina lote, mara mbili. Abate hakumzuia. Alimsubiri amalize, akapokea kitabu chake, akafuta jalada kwa mkono wa kanzu.

Kukhu alikuwa amesikiliza akiwa ameinamisha kichwa, hairnet yake imekaa sawa. "Asante, mwana wangu," alisema. "Umesoma vizuri. Lakini si wewe uliyepiga teke."

Akajaza bilauri, akampelekea Padri Ambrose mwenyewe, akashika chini ya bilauri kwa mkono wa pili kwa sababu ya mtetemo wa mzee. Padri alikunywa yote.

"Ni nzuri?" Kukhu aliuliza.

"Nzuri sana, Perpetua."

"Ile ya siku ile ilikuwa nzuri zaidi."

Padri aliitikia kwa kichwa. Kukhu alisimama mbele yake, akangoja. Watawa nao wakangoja, na hata Lydia akaondoa mguu wake kwenye gurudumu. Padri akapangusa midomo, akanyoosha bilauri.

"Niongezee kidogo," alisema.

Kukhu akamwongezea.

Jioni Abate alimkuta Lydia akiosha mapipa. Alikuwa amekuja na kitabu cha wageni, kwa sababu Pramila alikuwa ameandika ripoti nyingine kuhusu nafasi zile tupu.

"Jaza tu," Abate alisema kwa upole. "Saa yoyote. Ni kwa ajili ya usalama."

"Hajatoka, Abate."

"Lakini hayumo."

"Hajatoka."

Abate alikiacha kitabu juu ya gunia la shayiri, wazi, na kalamu juu yake. Lydia hakukigusa. Asubuhi, saa moja na dakika kumi, alichota maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akaanza na mguu wa kushoto.