Herufi ya Mtu Haiguswi

Binti alimwambia baba yake kwamba ile sauti ameshaifuta. Hakuifuta. Aliiweka kwenye kazi yake ya shahada ya uzamili, akausikilizisha ukumbi mzima, na mtu wa kwanza kuvishwa hedifoni alikuwa yule yule ambaye hakutakiwa kuisikia mpaka anaingia kaburini.

Baba huyo na kaka yake walikuwa na karakana ya mabango. Walipaka majina ya maduka, vibao vya shule, ubavu wa malori, na hata kuta za saluni. Kaka mtu alijulikana mji mzima kwa jina la Mwandiko, kwa sababu alikuwa anaandika kwa mkono mtupu, bila rula wala penseli, na herufi zinakaa kwenye mstari kama askari wa gwaride. Mdogo mtu aliitwa Dogo, na aliendelea kuitwa Dogo mpaka ndevu zikaota mvi, maana aliyempa jina hilo ni kaka yake, na kaka yake hakuwa mtu wa kubadilisha mawazo.

Mwandiko ndiye aliyemfundisha Dogo kushika brashi, kuchuja rangi kwa kitambaa cha soksi, na kusoma bango kwa kurudi nyuma mpaka barabarani huku umefinya jicho moja. Ndiye pia aliyetunga sheria ya karakana. Ilikuwa moja tu: herufi ya mtu haiguswi. Aliyeanza bango analimaliza mwenyewe. Akikosea, akosee mwenyewe, na kufuta afute mwenyewe. Kuna kibarua mmoja aliwahi kunyoosha mguu wa herufi ya Mwandiko, kwa nia njema kabisa. Alifukuzwa kabla hiyo rangi haijakauka.

Kisha mkono wa Mwandiko ukaanza kutetemeka.

Mwanzo, kwenye kibao cha zahanati, alisema ni baridi. Baridi ilipoisha akasema ni brashi za siku hizi, hazina nywele za maana. Dogo aliitikia tu. Lakini aliziona zile herufi: matumbo yamelegea, mistari imepinda kama njia ya mlevi. Basi kila Mwandiko alipokwenda nyumbani, na siku hizo alikuwa anaondoka mapema, Dogo alifunga mlango nusu, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akayafuta makosa ya kaka yake na kuyapaka upya. Hakupaka kwa mkono wake. Alipaka kwa mkono wa Mwandiko: ule mkia wa herufi ya R unaoteleza kama mtu anayevuta shuka, ile O iliyonenepa chini. Asubuhi Mwandiko anafika, anarudi nyuma mpaka barabarani, anafinya jicho.

"Unaona, Dogo? Watu wanasema nimezeeka. Mkono bado upo!"

"Upo, Kaka."

Na hapo Dogo alikuwa anainamia kopo la rangi, anakoroga kitu kilichokwisha korogeka.

Huyo binti ni mtoto wa Dogo. Alikuwa amemaliza shahada ya kwanza, akarudi chuoni kusomea ya pili, ubunifu na utengenezaji wa media anuwai. Siku aliyokuja kuwaeleza, baba yake alijitahidi kuelewa.

"Kwa hiyo utakuwa mpiga picha."

"Hapana, Baba. Ni picha, sauti, maandishi na michoro, vyote kwa pamoja, mpaka mtu akiingia chumbani ajione yuko ndani ya hadithi."

"Sinema, basi."

"Si sinema, Baba."

Mwandiko alicheka akiwa juu ya ngazi. "Mwache Digrii wa watu! Ya kwanza yenyewe hukuielewa, ya pili utaiwezea wapi?" Alimwita Digrii tangu siku alipopokelewa chuo, na aliposikia anaongeza nyingine alitaka kumwita Digrii Mbili, ila akaona ni refu.

"Baba Mkubwa," binti akasema, "nataka kazi yangu ya mwisho iwe juu yenu. Nyinyi wawili na karakana hii."

Mwandiko akashuka ngazi. Alijipangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Hakuna aliyewahi kumtakia jambo kama hilo. "Basi niambie mapema siku ya kupigwa picha," alisema. "Nisije nikavaa hili shati."

Kwa wiki kadhaa binti alishinda karakanani. Alikuwa mchapakazi, hilo usimnyime. Alilala chini sakafuni kupata picha ya brashi inavyogusa bati. Alirekodi mlio wa kopo linapofunguliwa na pumzi ya mtu anayevuta mstari mrefu. Alirekodi hata ukimya. Aliwanyamazisha wote akasimama katikati ya karakana na kinasa sauti, eti kila chumba kina ukimya wake na yeye atautumia kushonea vipande vyake vya sauti.

"Ukimya una bei gani sokoni, Digrii?" Mwandiko akamuuliza.

"Umeuharibu, Baba Mkubwa. Tuanze upya."

Sasa kwenye kazi hiyo kuna jambo ambalo mtu wa nje halijui. Kamera inachukua picha, lakini sauti ya maana inaingia kwenye mashine nyingine, inayokaa kwenye mkoba wa mrekodi, ikitokea kwenye kipaza sauti kidogo kilichobanwa shatini. Taa nyekundu ya kamera ikizimika, mashine ile nyingine haina habari. Inaendelea kusikia.

Jioni moja Mwandiko alikuwa ameshaondoka. Binti akafunga kamera, taa nyekundu ikafa. Akawa anakunja nyaya, halafu akauliza bila kumtazama baba yake.

"Baba, lile bango la duka la viatu. Nimeliangalia kwenye picha za juzi, na za jana. Si herufi zile zile."

Dogo akatazama mlango. "Hicho kidude umekizima?"

"Kamera nimezima."

Akamwambia. Alikuwa amekaa na siri hiyo muda mrefu na ilimchosha. Alimweleza habari ya mafuta ya taa na kitambaa, na jinsi anavyoigiza mkono wa kaka yake. Na kwa kuwa ni binadamu, mwishoni akateleza kidogo kwenye majisifu. "Kila bango zuri unaloliona mjini linaitwa la Mwandiko," alisema, "lakini mkono ni wangu. Kaka alikwisha zamani. Mimi ndiye ninayemshikilia asianguke."

Aliposema hivyo akajipapasa kifuani na vidole vikagota kwenye kile kipaza sauti.

"Na hiki?"

Binti akakibandua. "Nitafuta, Baba."

"Futa. Mwanangu, sikiliza. Kaka yangu akijua hili, hanisamehe. Hanisamehe kabisa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Wiki iliyofuata alimuuliza tena. "Kile kitu ulikifuta?"

"Nimefuta, Baba. Acha wasiwasi."

Akaacha wasiwasi. Ukishindwa kumwamini uliyemfundisha kutembea, utamwamini nani?

Siku ya maonyesho Mwandiko alivaa suti. Ilikuwa imembana mabegani na viatu vilikuwa vya mkwe wake, lakini alipanda ngazi za chuo kama mwenye chuo. Shemeji, mkewe, alimfuata nyuma akimwambia asicheke kwa sauti. Mama wa binti alikuwepo. Wahadhiri walikuwepo, na watu wa kutoa alama, na wanafunzi wengi wenye vikombe vya karatasi.

Chumba cha binti kilikuwa na giza. Ndani kulikuwa na skrini mbili kubwa zinazotazamana, na viti katikati, kila kiti na hedifoni yake. Kwenye skrini ya kushoto Mwandiko alionekana akiandika, polepole, karibu sana, mpaka mtetemo wa mkono ukawa mkubwa kama tetemeko la ardhi. Kwenye ya kulia lilikuwa bango lile lile asubuhi yake, limenyooka. Mmoja wa wahadhiri, mwanamke mwenye miwani shingoni, alimshika Mwandiko mkono akamkalisha kiti cha mbele.

"Mzee wetu ndiye wa kwanza," alisema, akamvisha hedifoni.

Dogo alikuwa mlangoni. Aliziona zile skrini mbili na kwa muda akafikiri tu kwamba zimepangwa vizuri. Kisha akamwona kaka yake. Mwandiko alikuwa anatabasamu. Tabasamu likabaki mahali pake lakini mwenyewe akawa ameondoka. Akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti.

Dogo akachukua hedifoni ya kiti cha nyuma. Akajisikia mwenyewe, wazi, kama anajinong'oneza. Kaka alikwisha zamani. Mimi ndiye ninayemshikilia asianguke.

Mwandiko alizivua za kwake, akaziweka kitini kwa adabu, akatoka. Dogo alimkuta kwenye korido, karibu na dirisha.

"Kaka."

"Mabango mangapi?"

"Kaka, nisikilize kwanza."

"Nimekuuliza kitu kidogo. Mangapi?"

Dogo akainamisha kichwa. "Yote. Tangu kile kibao cha zahanati."

Mwandiko alitingisha kichwa kama anayejumlisha. "Asubuhi zote zile nilikuwa najisifu mbele yako. Nasimama barabarani, nafinya jicho. Ulikuwa unanicheka?"

"Sijakucheka hata mara moja. Wallahi."

"Bora ungenicheka," Mwandiko akasema. "Mtu anayekucheka anakuona. Wewe ulikuwa unanifuta."

"Nilikuwa nakulinda, Kaka."

"Na ukamsimulia mtoto."

Shemeji akafika akihema, akampita Dogo bila neno, akamshika mumewe mkono. Wakashuka ngazi, Shemeji mbele safari hii.

Dogo alimkuta binti nyuma ya pazia, kati ya nyaya na mashine zenye feni.

"Uliniambia umefuta."

"Nilifuta kwenye kinasa sauti, Baba. Nakala ilibaki kwenye kompyuta."

"Ilibaki yenyewe?"

Feni zikavuma. "Niliiacha," binti akasema. "Sikupanga kuitumia. Msimamizi wangu wa chuoni aliisikia kwa bahati tulipokuwa tunahariri. Akasema bila ile sauti sina kazi, nina video ya wazee wawili wanaopaka rangi."

"Kwani sisi ni nini kingine?"

"Baba, nilidhani ataona jinsi unavyompenda. Kila mtu aliyeingia humu ametoka analia. Wewe ulisikia majisifu, wao wamesikia mapenzi."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo," Dogo akasema. "Ningekataa. Ndiyo maana mtu anaulizwa."

Alitaka kusema zaidi. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika na kila kilichokuwa pale kilikuwa cha chuo. Mhadhiri mwenye miwani akachungulia pazia, uso unang'aa, akamwita binti: watoa alama wanamsubiri, wana maswali, wamefurahi mno. Binti akamtazama baba yake. Kisha akaenda.

Njiani kurudi nyumbani, mama wa binti alikuwa na hasira za kugawa. "Mwanao kamwaga mtama kwenye kuku wengi."

"Leo amekuwa wangu? Alipofaulu alikuwa wako."

"Alipofaulu alikuwa hajatuuza."

Walicheka kidogo, vibaya, halafu mama akaanza kulia na Dogo akatazama dirishani.

Asubuhi alikwenda karakanani akakuta mlango uko wazi. Mwandiko alikuwa amekuja na kuondoka. Bango alilolianza juzi, la fundi cherehani, lilikuwa limesimama pale na herufi tatu zilizopinda. Alikuwa amezipitishia mstari mmoja mweusi mnene, mwenyewe, kwa mkono wake.

Binti alipata alama za juu kuliko wote wa mwaka wake, na kazi ile ikaombwa kuonyeshwa miji mingine. Alipiga simu kumwomba baba yake ruhusa, safari hii aliuliza. Dogo alimjibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, afanye atakavyo.

Gharama yake ni hii. Karakana moja, ambayo mabango yake sasa yanaandikwa na mtu mmoja kwa mkono wake mwenyewe, na wateja wanasema si kama zamani. Shemeji mmoja, anayevuka barabara akimwona Dogo. Binti mmoja, ambaye bado anapiga simu na bado anapokelewa, wakaulizana habari za mvua mpaka muda wa maongezi uishe. Kaka mmoja, aliye hai, mtaa wa tatu kutoka hapo. Na mwandishi mmoja wa mabango, aliyekuwa anaamka kila asubuhi akidhani mkono bado upo. Huyo hajashika brashi tena.