Kukaza Mara Mbili

Gari la marehemu baba lililala upande mmoja, tairi limeisha upepo, saa mbili na nusu asubuhi, hatua chache tu kutoka kwa fundi wa matairi. Mama alikuwa kando yangu, kadi ya hospitali mapajani. Tulitakiwa kufika kabla ya saa nne. Aliyechelewa alipangiwa upya baada ya miezi mitatu, na daktari alishasema jicho la mama halina miezi mitatu ya kungoja.

Fundi alilizungusha gurudumu akitafuta msumari, asiuone. Akalimwagia maji ya sabuni. Mapovu yakachomoza kwenye valvu, kile kimpira cha kujazia upepo. Alipokikunja kwa kidole, nyufa zikafunuka kama kisigino kikavu. Akasema valvu zote nne ni za umri mmoja, afadhali abadilishe zote. Nikamwambia hiyo moja inatosha, tuna haraka. Nilikuwa nimeshatazama saa mara tatu.

"Dada, kutazama saa hakujazi upepo," alisema, akaendelea na kazi.

Alibandua tairi kwenye rimu upande mmoja, akakata valvu kuukuu, akapaka mpya sabuni, akaipenyeza kwa ndani na kuivuta kwa koleo hadi ikakaa. Mimi nilikuwa nikienda mlangoni, nikirudi, nikienda tena. Mama alibaki garini, dirisha wazi.

Kumbe fundi hakunisikiliza, au alinisikiliza akapuuza. Alipomaliza alizunguka gari kukagua magurudumu mengine. Kwenye lile la nyuma, kulia, aliinama, kisha akaniita. Nati mbili zilikuwa zikizunguka kwa vidole vitupu.

"Nani alifunga hili?"

Nikasema ni shemeji, mume wa dada yangu. Alilibadilisha wiki ya msiba, akiwabeba watu kwenda na kurudi makaburini. Alilifunga vizuri, nilimwona. Lakini alikaza mara moja tu.

Baba alikuwa akikaza mara mbili. Akishafunga gurudumu, aliendesha mpaka kona, akashuka, akakaza tena, hata mvua inyeshe, hata tumechelewa shule. Tulimbandika jina la Bwana Mara Mbili. Mimi ndiye niliyelianzisha, na ndiye niliyecheka kuliko wote. Siku zote arobaini tangu tumzike, hakuna aliyekumbuka kufika kona na kushuka.

Fundi alikaza zote kwa spana, akaniambia valvu tatu zilizobaki nizilete wiki hiyohiyo. Tuliondoka saa tatu na dakika thelathini na tano. Hospitali ni mwendo wa dakika ishirini, barabara ikikubali. Niliipita kona bila kupunguza mwendo. Mama aliikunja kadi katikati, akaikunjua, akaikunja tena.

Mbele kidogo nikaegesha pembeni. Nilitoa spana ya baba chini ya kiti, nikapiga magoti kwenye vumbi na nguo zangu za kwendea hospitali. Magari yalinipigia honi. Nilianza na gurudumu la mbele, nikaenda la nyuma. Nati zote ziligoma, isipokuwa moja. Hiyo ilizunguka kidogo, kisha ikashika.

Niliporudi garini mama aliuliza, "Ngapi?"

"Moja."

"Alikuwa akipata moja kila mara," alisema. "Haya, kimbiza sasa."

Tulifika saa nne kasoro dakika mbili. Muuguzi aliipokea kadi, akahangaika kuinyoosha ile mikunjo.