Siku Iliyopotea Baharini

Fundi saa alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na mtaa mzima ulimwita Dakika. Duka lake lilikuwa upenyo tu kati ya kinyozi na muuza viatu: meza moja, taa ya shingo ndefu, na ukuta wa saa ambazo hata mbili hazikukubaliana. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini alikuwa na kazi nyingine isiyokuwa na malipo, na hiyo ndiyo aliyojivunia.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyemwingiza. Huyo shemeji alicheza Dola, mchezo wa watu wazima wanaojivika nafsi za watu wengine. Kila Jumamosi, katika miji zaidi ya arobaini duniani, watu hukodi ukumbi, wakavaa majoho na kofia, mmoja akawa jaji, mwingine jasusi, mwingine mfanyabiashara, wakaigiza hadithi moja ndefu inayoendelea miaka nenda miaka rudi. Na kwa kuwa hadithi ni moja dunia nzima, mtu wa mchezoni hawezi kuonekana mji huu leo na kesho akaibuka ng'ambo ya bahari kana kwamba ana mbawa. Lazima asafiri. Kwa garimoshi atumie siku mbili, kwa meli siku tisa, na akiwa njiani haruhusiwi kutenda lolote; akishafika, anayemcheza humwongoza kwa simu kutoka kwao. Basi anatakiwa mtu wa kuandika: nani kaondoka wapi, lini, kwa chombo gani, na atafika siku ipi. Karani wa zamani alipochoka, shemeji akasema anamjua mtu ambaye maisha yake yote ni kuhesabu muda.

Dakika hakuwahi kukanyaga ukumbini. Barua za safari zilimjia kwenye simu, naye alizinakili kwa wino katika daftari kubwa lenye jalada gumu, kwa mwandiko uliosimama wima. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alizoea kumtania kwamba ameolewa na karani wa meli zisizokuwapo. Dakika alicheka, lakini moyoni alijua kwamba neno lake halipingwi. Wachezaji wakibishana huko kwao, baraza la mchezo huuliza, "Daftari linasemaje?" Likishasema, mjadala umekwisha.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa Mpatanishi.

Mpatanishi alikuwa mtu wa mchezoni aliyechezwa kwa miaka kumi na moja, aliyesifika kwa kusuluhisha vita. Mwaka ule, akitoka mji mwingine wa ng'ambo, alivuka bahari kuu kwa meli kuelekea machweo hadi mji mmoja wa bandari, mkataba wa amani ukatiwe sahihi. Jumamosi jioni, katika ukumbi wa mji huo, mtu aliyefunika uso alichoma mkataba mbele ya watu wote akatoweka. Lawama zikamwangukia mgeni. Mpatanishi akajitetea kwamba Jumamosi alikuwa bado baharini, kwamba alifika Jumapili. Baraza likamuuliza karani. Dakika akafungua daftari: aliondoka Alhamisi, siku tisa, kufika Jumamosi. Akajibu hivyo hivyo, mstari mmoja. Mpatanishi akahukumiwa kutochezwa tena katika mji wowote. Ubaya zaidi, wachezaji walisema mwanamke aliyemcheza amedanganya, yeye mwenyewe, si wa mchezoni. Hakubishana. Alirudisha joho akaondoka.

Miezi saba ikapita. Alasiri moja, mvua ikiwa imefukuza wateja, Dakika alikuwa akipanga safari ya mchezaji mwingine kwenye njia ile ile ya bahari kuu. Mchezaji huyo alikuwa mtu wa maswali. Akauliza katika barua yake: ule mstari wa katikati ya bahari, ambapo tarehe huruka siku moja, umeshauhesabu?

Dakika alisoma mara mbili. Akachukua penseli, akachora mduara nyuma ya risiti, akauzungusha kwa kidole. Meli ikivuka mstari ule kuelekea machweo, siku moja ya kalenda inamezwa. Akaihesabu safari ya mchezaji, kisha, bila kutaka, mkono wake ukarudi nyuma kurasa nyingi hadi kwenye ile ya Mpatanishi. Alhamisi, siku tisa, Jumamosi. Ukiongeza siku iliyomezwa, ni Jumapili.

Aliuzungusha tena mduara, akarudia hesabu, mpaka chai yake ikaganda utando. Ndipo hapo watu wa kale waliposema mganga hajigangi: fundi saa ameshindwa kuhesabu siku.

Nyumbani alimsimulia mkewe. Mwalimu aliikagua hesabu kama anavyokagua ya wanafunzi, kwa kalamu nyekundu, akathibitisha. Dakika akaanza kujitetea. Akasema ni mchezo tu, akasema miezi saba ya hadithi imejengwa juu ya hukumu ile na kuivunja ni kuwavurugia watu mamia, akasema maji yakimwagika hayazoleki. Mkewe alimwacha amalize, kisha akauliza kama yule mwanamke naye ni wa mchezo tu. Asubuhi Dakika aliliandikia baraza, akakiri kosa lake bila kulipaka rangi, kisha akamwomba shemeji amwelekeze kwa yule mwanamke.

Kumbe alikuwa mkunga wa zahanati iliyokuwa mitaa mitatu tu kutoka dukani, mama wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye viatu vya raba na miwani iliyoning'inia kifuani. Dakika alimsubiri kwenye benchi pamoja na wajawazito wanne waliomtazama kwa mshangao. Alipoitwa, aliingia katika chumba kilichonuka dawa ya kusafishia, akasalimia, akajitambulisha. Mkunga alimwonyesha kiti na kuendelea kukunja vitambaa. Dakika akaeleza yote, mstari wa bahari, siku iliyomezwa, na jibu lake la mstari mmoja.

Mkunga alilainisha ukunjo wa kitambaa kwa kiganja. Kisha akasema, "Kufukuzwa hakukuniuma sana, fundi. Niliumia kwa sababu watu waliokuwa wakinijua miaka kumi na moja walitazama daftari, hawakunitazama mimi."

"Na daftari lilikuwa langu, mama. Nisamehe."

Mkunga aliweka kitambaa cha mwisho juu ya vingine. Akamsimulia kwamba zamani, alipokuwa mgeni kazini, aliandika tarehe isiyo sahihi ya mtoto aliyezaliwa kwenye mpaka wa siku mbili, na mama wa mtoto akarudi mara tatu kuomba isahihishwe, naye mara tatu akamjibu kwamba kitabu hakikosei. Alipogundua ukweli, yule mama alikuwa ameshahama. "Wewe angalau umenikuta," alisema, akaenda kumwita mjamzito aliyefuata.

Baraza lilijadiliana wiki mbili. Kufuta miezi saba haikuwezekana. Lakini walikubaliana kwamba kosa lililotendwa na karani lisahihishwe na karani, ukumbini, mbele ya wachezaji, ndani ya hadithi yenyewe. Kwa hiyo Dakika, kwa mara ya kwanza maishani, alitakiwa kucheza. Mkewe alimtafutia koti refu jeusi lililombana mabegani, akamwambia anafanana na mzika maiti. Shemeji alimfundisha mahali pa kusimama.

Ukumbi ulijaa. Watu aliowajua kwa maandishi tu walikuwa mbele yake na nyuso na vikohozi vyao. Maneno aliyoyakariri yalimtoroka yote. Akasema ya kwake.

"Mimi ni karani wa njia. Nilisema Mpatanishi alikuwa nchi kavu, naye alikuwa baharini. Sikuhongwa, sikutishwa. Nilikosea kuhesabu, kisha nikajiamini mimi badala ya kumwamini yeye. Hakudanganya siku ile, wala siku nyingine yoyote."

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, mkunga akaingia na joho lake alilorudishiwa, miwani bado kifuani. Watu walimpisha. Mfamasia mmoja wa baraza, aliyepiga kura afukuzwe, aliinamisha kichwa, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Haikujulikana kama ni watu wa mchezoni wanaoinama au ni wao wenyewe.

Jaji wa ukumbi akamuuliza Mpatanishi anataka karani apewe adhabu gani. Mkunga alimtazama Dakika kuanzia koti hadi viatu.

"Abaki kazini," alisema. "Ila kila mwezi aje hapa, akae na watu anaowaandika."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata, Dakika alifunga duka saa tisa. Kinyozi alimuuliza anakwenda wapi mapema hivyo. Akasema anakwenda kutumikia kifungo, akaning'iniza funguo kiunoni, akaenda zake kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuchelewa.