Upande wa Ukutani

Shangazi alisema mara moja, na yeye si mtu wa kurudia maneno.

"Kama kweli unataka kufufua kazi ya bibi yako ya kuchapa vitambaa, nikija Ijumaa mchana nikute kitambaa kimoja, kimoja tu, ambacho maua yake yamefungana bila pengo. La sivyo chumba chake cha kazi nakiuza, na hivyo vibao vyake utachemshia chai."

Ijumaa ikafika, maua hayajafungana.

Mjukuu alikuwa amepima kwa rula, akapiga mistari ya chaki. Alichovya kibao cha kuchapia kwenye rangi, akakilaza juu ya kitambaa, akakigonga kwa ngumi. Kila safu ilianza vizuri. Kufika ua la tano, pengo jembamba kama ukucha likajitokeza. Vitambaa vitatu vilikwisha haribika.

Halafu ule mlio. Kila alipogonga, ngumi nyingine iligonga ng'ambo ya meza, upande wa ukutani, kabla tu ya yake. Alijiambia ni mwangwi. Lakini mwangwi hautangulii.

Upande ule hakuna aliyesimama tangu bibi aanguke na kufa pale, kibao mkononi. Hata kufagia, walifagia kwa kunyoosha mkono. Hakuna aliyekataza, miguu tu haikwenda.

Saa saba akajibana kati ya meza na ukuta. Palikuwa na ubaridi wa chumba kilichofunguliwa sasa hivi. Akashika ukingo wa meza, na vidole vikazama kwenye mkato mdogo wa kisu. Ukafuata mwingine, na mwingine, safu nzima, isiyoonekana kutoka upande wa pili. Haikulingana: huu karibu, ule mbali kidogo, kama vibao vyenyewe vilivyochongwa kwa jicho. Kumbe bibi hakuwa akipima. Alikuwa akipapasa.

Akalenga mkato wa kwanza, akagonga. Mlio ukawa mmoja.

Ua la tano likafungana. La sita. La ishirini.

Shangazi aliingia bila hodi, akaganda mlangoni.

"Mama?"

Kisha akacheka kicheko kikavu. "Kumbe ni wewe! Umenitoa roho, mtoto wewe." Akakifuata kitambaa kwa kidole, hewani, asiguse rangi mbichi, mpaka mwisho. "Haya. Chumba siuzi. Sasa toka hapo, mwanangu, uje ule."

"Nakuja, shangazi."

Alitaka kukiweka kibao kando. Mkono ukakinyanyua, ukakituliza kwenye mkato uliofuata, sawasawa, kabla hajaupapasa.