Kengele ya Felismina

Kwa miaka arobaini na moja hakuna aliyezikwa Vale do Zimbro bila Adelino kumpigia kengele. Vipigo vitatu kwa mwanamume, viwili kwa mwanamke, kimya, kisha tena, hadi mara tatu. Hata mapunguani wa kijiji kile walijua kuhesabu. Halafu kamati ya parokia ikanunua mtambo wa umeme wa kupiga kengele, ikafunga mnara, na ufunguo akabaki nao mwenyekiti, Gaudêncio, mwenye shingo ya fahali na moyo mdogo kuliko punje ya haradali.

Sasa Felismina, mke wa Adelino, alikuwa kitandani, ini limekwisha, daktari amemrudisha nyumbani. Adelino alitaka jambo moja tu duniani: siku yake ikifika, ampigie kwa mkono wake mwenyewe. Felismina alikuwa amemwapisha. "Nisije nikaagwa na mashine kama mkate ulioiva," alisema.

Jumamosi moja likaja basi la wageni kutoka Lisbon, wale wanaozunguka kutazama makanisa ya kale na minara ya saa. Gaudêncio alikuwa chini ya mnara akiwasimulia habari za saa ambazo hata yeye hazijui. Adelino akamwendea, kofia mkononi, akaomba.

"Ufunguo?" Gaudêncio akacheka. "Mzee, magoti yenyewe yanalia kama mlango mbovu! Ngazi themanini na mbili hizo."

"Nitapanda."

"Haya, panda leo. Wapigie wageni hawa kengele ya msiba, wasikie ya mkono inavyolia. Piga ya mwanamke. Ukiweza, siku ya Felismina ufunguo ni wako."

"Hakuna aliyekufa, Gaudêncio. Watu watasikia."

"Basi nenda nyumbani."

Wageni wakapiga makofi kumtia moyo. Maskini, hawakujua kitu.

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Miaka thelathini nyuma baba yake Gaudêncio alijinyonga ghalani, na Adelino, kwa amri ya padri, maana aliyejiua hapigiwi, hakumpigia hata kipigo kimoja, yeye peke yake katika miaka ile yote. Adelino alishasahau. Hebu fikiria! Akapanda mnara huku anamshukuru.

Na alipiga vizuri, ole wake. Mikono ilikumbuka kila kitu, hata machozi yakamtoka kwa furaha. Huku chini watu waliacha masufuria motoni. Mgonjwa wa kike kijijini alikuwa mmoja tu.

Alipofika nyumbani alikuta wanawake watano wamevaa nyeusi, mbele yao jirani yake Zulmira na sufuria ya supu ya kabichi. Walikuwa wameingia moja kwa moja chumbani wakisali sala ya marehemu, na marehemu akawafumbulia macho.

"Wewe mwanamume!" Zulmira akamkemea. "Haya huna?"

Felismina hakupaza sauti. "Nilivihesabu vipigo," alisema. "Nikadhani ndiyo nimekufa, na kumbe hakuumi. Nikafurahi, mume wangu. Kisha akaingia Zulmira na supu."

"Nilitaka ufunguo, Felismina. Ni kwa ajili yako."

"Hukuweza kunisubiri?"

Akageukia ukutani. Siku tisa alizobakiza hakumwambia Adelino neno tena, hata la kuomba maji. Supu alilishwa na Zulmira, na Adelino alikaa mlangoni akisikiliza kijiko.

Asubuhi ya siku ya kumi Adelino alimkuta Gaudêncio akifungua kanisa. Alinyoosha mkono, macho mekundu.

"Amekwenda. Nipe ufunguo. Uliahidi."

"Pole sana, mzee," Gaudêncio alisema, na akavua kofia kwa heshima. "Lakini si ulishampigia? Kijiji kizima kilisikia. Mfu hapigiwi mara mbili."

"Gaudêncio, nakusihi, mwanangu."

"Baba yangu hakupata hata mara moja."

Gaudêncio akaingia, akafunga mlango kwa ndani. Adelino aliugonga kwa ngumi, akamwita kwa jina, akamwita kwa jina la baba yake, mpaka wanawake waliokuwa wakienda kumwosha Felismina wakaja kumshika mikono. Hakuna kengele iliyolia siku hiyo, ya mkono wala ya mtambo.